King'amuzi cha kulipia au antena ya bure: hesabu ya nyumba moja ya Kisauni

Nyumbani kwetu Kisauni tuko watu saba: mimi na mume wangu, watoto watatu, shemeji yangu na mama mkwe. Runinga ni moja, iko sebuleni. Kwa miaka sita tulilipia king'amuzi bila kuruka mwezi. Sasa ni mwaka na nusu tunatazama kwa antena iliyo juu ya paa, bure, isipokuwa miezi miwili kwa mwaka ambayo bado tunalipia. Majirani huniuliza kama tumejuta. Jibu linategemea umemuuliza nani kati ya hao saba, ndiyo maana ulinganisho huu nimeuandika kwa kufuata watu na saa zao, sikuanza na idadi ya chaneli.

Idadi ya chaneli ndiyo iliyotuchelewesha. Kifurushi chetu kilikuwa na chaneli zaidi ya sitini, na kila tulipotaka kuacha tulihisi tunatupa sitini zote. Halafu bei ikapanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja, ikafika shilingi 1,300 kwa mwezi, na mwezi huo ada ya shule ilikuwa imebaki nusu. Nikachukua daftari la zamani la mwanangu wa kwanza, nikalifunga kalamu kwa uzi na kuliweka kando ya runinga. Kwa siku 14, kila aliyeshika rimoti aliandika chaneli gani na muda gani.

Jumla ilikuwa saa 74. Saa 49 zilikwenda kwa stesheni za hapa nchini: taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni, tamthilia zinazofuata baada yake, vipindi vya asubuhi vinavyowashwa wakati mchicha unachambuliwa, mijadala ya siasa ambayo mume wangu hawezi kulala bila kuiona. Saa 13 zilikuwa katuni. Saa 8 mpira. Saa 4 filamu za nje. Kwa hiyo theluthi mbili ya tulichokuwa tukikilipia kilikuwa kinapita bure juu ya mabati yetu.

Bure hii inatoka wapi

Watu wengi wanadhani kuacha kulipia ni kurudi kwenye picha ya chenga za zamani. Sivyo. Matangazo ya analojia yalikwisha Kenya mwaka 2015, mwaka ambao makubaliano ya kimataifa yaliyotiwa saini Geneva mwaka 2006 yaliuweka kuwa kikomo, tarehe 17 Juni. Wengi tunakumbuka Februari ya mwaka huo, Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa takriban wiki tatu katika mvutano wa kuhamia dijitali. Tangu hapo, stesheni za bure na zile za kulipia zinazopokelewa kwa antena hutumia mfumo mmoja, DVB-T2. Picha ni safi kwa zote. Tofauti ni kwamba mawimbi ya chaneli za kulipia yamefungwa kwa msimbo, na kadi au namba ya king'amuzi chako ndiyo ufunguo. Mawimbi ya KBC, Citizen, NTV, KTN, K24, TV47 na wenzao hayana kufuli. Wanaoyalipia ni watangaza biashara.

Kuna jambo moja hapa ambalo lingetuokolea pesa kama tungelijua mapema. Ikiwa king'amuzi chako cha kulipia kinatumia antena, wala si dishi, basi antena hiyo hiyo inafaa kwa chaneli za bure. Chomoa waya nyuma ya king'amuzi, uchomeke kwenye runinga yenyewe, kisha utafute chaneli. Mwenye dishi ndiye atakayelazimika kununua antena, kwa sababu dishi linatazama setilaiti na halipati mnara wa ardhini.

Runinga nayo iwe na kipokezi cha DVB-T2 ndani yake. Usikubali neno la muuzaji kwamba ni "smati". Usmati ni wa intaneti, na kuna runinga smati zisizopata chaneli hata moja kwa antena hapa Kenya. Jamaa aliye Marekani akikutumia runinga ya huko, kipokezi chake ni cha mfumo mwingine kabisa na hakitakufaa. Zinazotoka Uarabuni zikaguliwe moja moja, kwa kuwa baadhi zina DVB-T ya zamani tu, bila ile 2. Hivyo hivyo kwa ving'amuzi vya kwanza kabisa vilivyouzwa Kenya baada ya dijitali kuzinduliwa Desemba 2009: vilitengenezwa kwa mfumo wa mwanzo, nchi ikahamia ule wa pili, vikabaki vyombo vya kukusanya vumbi. Ukiona kimoja kinauzwa kwa bei ya chini mtumbani, kiache.

Runinga isiyo na kipokezi hicho inahitaji king'amuzi cha bure, kile cha kununua mara moja. Usichanganye viwili hivi dukani. Muulize muuzaji swali moja: mwezi ujao nitalipa nini? Kama jibu si "hulipi kitu", rudisha kwenye rafu.

Pesa

Upande wa kulipia hesabu ni nyepesi. Shilingi 1,300 mara miezi 12 ni 15,600 kwa mwaka.

Upande wa antena, haya ndiyo tuliyotumia: antena ya nje 1,200, waya mita 18 kwa shilingi 50 kila mita, yaani 900, bomba la chuma na vibano vyake 700, fundi 1,000. Jumla 3,800, pungufu ya ada ya miezi mitatu. Runinga yetu ilikuwa na kipokezi. Ingekuwa haina, king'amuzi cha bure kingetuongezea kama 2,500, na gharama yote ingerudi kabla ya mwezi wa tano kuisha.

Lakini hesabu ikiishia hapo haitakuwa ya haki, kwa sababu mahitaji hayakuisha kwa sababu chaneli zimeisha. Mume wangu sasa huenda kutazama mpira kibandani, wastani wa mechi tatu kwa mwezi kwa shilingi 50, hiyo ni 1,800 kwa mwaka. Agosti na Desemba, watoto wakiwa likizo, tunawasha tena kifurushi: 2,600. Mwezi wa Ramadhani hununua bando la intaneti la ziada la 500, kwa sababu nitakayoieleza. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ulitugharimu 8,700, antena ikiwemo, na mwaka wa pili unaelekea 4,900. Tumeokoa 6,900 mwaka wa kwanza, na mwaka huu tutaokoa 10,700. Hiyo ni sare, viatu na vitabu vya mtoto mmoja. Si utajiri, ila nyumbani kwetu pesa hiyo ina jina na kazi.

Wapo watakaosema ni afadhali kuhamia intaneti moja kwa moja. Kwa mwenye waifai ya kulipa kwa mwezi, sawa. Kwa anayenunua bando, hapana. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula karibu GB 0.7, na ya ubora wa juu hufika GB 3. Zile saa 49 zetu za wiki mbili, kwa ubora wa kawaida tu, zingekula zaidi ya GB 34. Antena haili hata MB moja. Kumbuka pia kwamba stesheni kubwa za hapa nyumbani zinarusha matangazo yake moja kwa moja YouTube, kwa hiyo ukikosa habari ukiwa kazini unaweza kuitazama baadaye kwa simu bila kulipia king'amuzi.

Mpira

Hapa sitaki kumpamba mtu maneno. Anayeishi kwa Ligi Kuu ya Uingereza, antena itamnyima. Mechi hizo ziko SuperSport, na SuperSport ni ya kulipia. Kwenye chaneli za bure utapata mpira wa kuja na kuondoka: haki hununuliwa shindano kwa shindano. Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar lilionyeshwa KBC, ingawa ni sehemu tu ya mechi 64. CHAN ya Agosti 2025, iliyochezwa hapa Kenya, Tanzania na Uganda, ilitukuta tuko kwenye antena, na sebule yetu haijawahi kujaa vile. Harambee Stars walipotolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali, watoto wa jirani walilala kwetu kwa huzuni. AFCON ya 2027 nayo inakuja katika nchi hizi hizi tatu, na anayepanga matumizi yake afuatilie mapema nani amepata haki za kuionyesha bure.

Mume wangu ni wa Arsenal, shemeji ni wa Manchester United. Zamani Jumamosi jioni ilikuwa ya kelele sebuleni, na watoto wakiwa katikati yao wamevaa jezi zilizowapwaya. Sasa wawili hao hutoka saa kumi na kurudi baada ya Isha. Shilingi 50 za kibanda si kitu, ila kibanda kimeniondolea baba nyumbani kwenye siku pekee ambayo hakuwa na kazi. Hili sikuliona nilipokuwa napiga hesabu, na kama kuna sehemu ya uamuzi wetu inayoniuma ndiyo hii. Ndiyo sababu miezi ya kulipia tuliichagua kwa kuangalia ratiba ya ligi pamoja na ya shule: Agosti msimu unafunguliwa, Desemba mechi zimesongamana. Miezi hiyo jezi hutolewa kabatini.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania hesabu ni nyingine kabisa. Haki za Ligi Kuu yao ziko Azam TV, ambayo ni ya kulipia, kwa mkataba wa miaka kumi ulioanza 2021, wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Tuna jirani wa kutoka Tanga, nyumba nzima ni Yanga, na nilipompa hesabu yangu alinisikiliza kwa adabu kisha akaniambia, "Dada, mechi ya Simba na Yanga mimi siwezi kuitazamia kwa watu." Nikaona ana haki. Nyumba ambayo mpira wa ligi moja ndio saa zake nyingi, ilipie na isisikitike.

Watoto

Katuni za mchana kutwa zimekwisha. Kwenye chaneli za bure vipindi vya watoto vina saa zake, alasiri baada ya shule na asubuhi za Jumamosi na Jumapili, na baada ya hapo hakuna. Kitinda mimba wetu ana miaka minne, na wiki ya kwanza alisimama mbele ya runinga akilia na rimoti mkononi. Wiki ya tatu alikuwa nje anacheza kibe na wenzake. Wawili wakubwa walilalamika kimya kimya, kisha wakaingia kwenye tamthilia za jioni pamoja na bibi yao. Kwa upande huu niseme wazi kwamba nimependa matokeo.

Nisichokipenda ni matangazo ya biashara. Chaneli ya bure inaishi kwa matangazo, na kwa miaka kadhaa matangazo ya kamari yalijaa hadi mwanangu wa darasa la tano akawa anaimba wimbo wa kampuni ya kubeti. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo hayo kwa siku 30, na nyumba ikapumua. Kanuni za utangazaji nchini zinataka vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku viwe vya kufaa familia, lakini mzazi asiitegemee kanuni peke yake. King'amuzi cha kulipia kina namba ya siri ya kufungia chaneli. Runinga nyingi nazo zina kufuli hilo kwenye menyu, upande wa mipangilio ya chaneli. Sisi tumefunga tatu.

Mama mkwe

Hili nililikosea mimi.

Daftari lilionyesha kwamba mama mkwe hutazama stesheni za hapa tu: asubuhi vipindi vya akina mama, jioni habari na tamthilia. Kwa hiyo nilihesabu kwamba yeye hapotezi kitu. Siku ya tatu baada ya kifurushi kuisha niliamka kwa Swala ya alfajiri nikamkuta amekaa sebuleni gizani, runinga imezimwa, tasbihi mkononi. Nikamuuliza, "Mama, kuna tatizo?" Akanijibu, "Hapana mwanangu. Nilikuwa naitafuta Makka."

Kumbe kila alfajiri, miaka yote sita, alikuwa akiwasha ile chaneli inayoonyesha Msikiti Mtukufu wa Makka moja kwa moja saa 24. Anaiweka sauti ya chini, anaendelea na nyiradi zake, kisha anaizima kabla ya watoto kuamka. Hakuiandika kwenye daftari. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Mimi siitazami. Huwa nasikiliza tu." Hajawahi kwenda Hija. Chaneli ile haimo kwenye chaneli za bure tunazozipata kwa antena.

Shemeji alimtafutia matangazo hayo YouTube kwenye simu, na simu ikaegemezwa kwenye birika. Kioo ni kidogo na macho yake si ya zamani. Baadaye mume wangu alinunua waya wa kuunganisha simu na runinga, na sasa Ramadhani nzima tunamwekea Tarawehe ya Makka kwenye kioo kikubwa. Ndilo lile bando la 500, na ndiyo pesa ninayoitoa bila kuhesabu mara mbili. Siku za kawaida anatumia simu. Anasema inamtosha, nami sijui kama inamtosha au ananionea huruma.

Kwa hiyo ukitumia mbinu ya daftari, usiliamini peke yake. Kaa na wazee. Kaa na mfanyakazi wa ndani kama unaye. Muulize kila mtu ni nini kinachowashwa wakati wengine wamelala au wametoka.

Habari siku za misukosuko

Anayelipia ana BBC, Al Jazeera na chaneli nyingine za habari za nje. Kwenye antena tuna za hapa, na kwa habari za hapa hakuna kifurushi kinachozishinda. Ila mawimbi ya mnara yanaweza kuzimwa, na hilo Wakenya tumeliona kwa macho. Tarehe 30 Januari 2018 Citizen, NTV na KTN News zilizimwa kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, NTV na KTN zilikatwa hewani, kisha Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe. Siku hiyo ya Juni tulichomeka simu kwenye runinga na kufuata YouTube, na mume wangu akatoa redio ya betri. Kwa kuwa na antena, simu na redio pamoja, sikuona tumebaki gizani kuliko jirani anayelipia.

Mvua, upepo na chumvi

Masika ya pwani ndiyo mtihani. Mwenye dishi anajua: mvua kubwa ikishuka kutoka baharini, picha inaganda na maandishi ya kukosa mawimbi yanajaa kioo. Antena ya mnara wa ardhini haisumbuliwi sana na mvua. Adui yake ni upepo wa kusi, ambao unaisukuma pole pole mpaka inatazama pengine, na chumvi ya bahari, ambayo inakula vibano na kuingia kwenye maungio ya waya. Miezi minane baada ya kufungwa, yetu ilianza kukatakata. Fundi alipopanda alikuta kiungio kimefanya kutu ya kijani. Tulibadilisha kiungio cha shilingi 50, tukakifunga kwa utepe wa mpira na grisi, na hakijasumbua tena. Aliye mbali na bahari, Voi au Kitui, halijui tatizo hili.

Kwa mfumo wa dijitali hakuna picha mbovu ya kuvumilia kama zamani. Mawimbi yakitosha picha ni kioo. Yakipungua kidogo tu, inakatika vipande vipande kisha inapotea yote. Kwa hiyo usiridhike na "inashika". Fungua menyu ya runinga uangalie vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Ubora ndio wenye maana. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiyumba, antena imeelekea vibaya au kuna kitu mbele yake. Kwetu kilikuwa mnazi wa jirani: upepo ukivuma makuti yanapita mbele ya antena na Citizen inapotea. Tuliinua bomba kwa mita moja na nusu, ikaisha.

Kwa Mombasa na vitongoji vyake mnara uko Mazeras. Kutoka Kisauni hiyo ni magharibi, ukigeuka kidogo kaskazini. Kutoka Likoni ni kaskazini-magharibi. Kabla ya kumlipa fundi, tembea mtaani ukatazame antena za majirani wanaopata vizuri: zinaelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Fuata hivyo hivyo. Waya ununue ule mnene wa RG6, usikubali ule mwembamba mweupe unaouzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu katika mita 18 utapoteza mawimbi mengi njiani. Ukitaka kugawa kwa runinga mbili, jua kwamba kigawanyio hupunguza mawimbi ya kila upande kwa zaidi ya nusu, na kama uko pembezoni mwa mnara utahitaji kikuza mawimbi.

Antena ndogo ya ndani ya kuweka juu ya kabati? Ghorofani, dirisha likiwa linatazama upande wa mnara, inaweza. Kwenye nyumba ya mabati ya chini kama yetu tuliijaribu kwanza na tukapata chaneli nne, na mtu akipita mlangoni zinakuwa mbili. Pesa hizo zilipotea.

Rudia kutafuta chaneli kila baada ya miezi mitatu hivi. Stesheni huhama masafa, mpya huanza, na runinga haitakwambia.

Nani alipie, nani aache

Endelea kulipia kama mpira wa ligi za nje au wa Tanzania ndio saa zako nyingi, na kama nyumba yako ina mgonjwa au mzee ambaye chaneli fulani ya kulipia ndiyo faraja yake na hakuna atakayemshikia simu. Endelea pia kama uko mahali mawimbi ya mnara hayafiki, nyuma ya vilima au mbali sana na mji. Huko dishi ndilo litakalokufaa, na hii habari yangu ya antena si yako. Mpangaji wa ghorofa amuulize kwanza mwenye nyumba au msimamizi kama anaruhusiwa kuweka bomba juu ya paa, maana kuna wenye nyumba wanaokataa baada ya antena kununuliwa.

Acha kulipia kama jioni zako ni za habari na tamthilia za hapa, kama mpira unautazama kwa msimu, na kama bei ya kifurushi inakufanya uchelewe kulipa kitu kingine. Lakini usiuze king'amuzi. Kifute vumbi, kihifadhi na rimoti yake, uandike namba ya akaunti kwenye karatasi na kuibandika chini yake. Sisi tulipokiwasha Agosti ya kwanza tulikesha tukitafuta namba hiyo, wakati mechi ya ufunguzi imeshaanza.

Asiyeweza kuamua afanye jaribio lisilo na gharama. Acha kifurushi kiishe na usilipe. Tazama ni chaneli zipi zinabaki wazi kwenye king'amuzi hicho hicho, kisha chomeka antena kwenye runinga uone zinazoongezeka. Kaeni hivyo wiki mbili, daftari likiwa mezani, na siku moja uamke alfajiri kabla ya wote uone ni nani yuko sebuleni.